Maboga Manane Ndani ya Arobaini

Jumatatu, 19 Oktoba 1970

Tsss. Kama tone la maji lililoangukia kikaango cha moto. Haikuwa zaidi ya hapo. Kilio kilikuja baadaye, na kilio nimekwisha kisahau. Hiyo ya kwanza sijaisahau.

Wiki tatu sasa. Nilikuwa sina hata siku nne Maskati. Mtoto wa jirani anaharisha, Bi Kheiria akanichukua twende. Nikadhani tunakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kumbe Bi Masouda, mwenye kazi ya kuchoma watoto utosi kwa chuma, kapiga magoti mbele ya mkaa, chuma chembamba mkononi, na mama mtu amekishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili. Utosi wa yule mtoto ulikuwa umedidimia. Nilijua kwa nini. Miaka miwili nimesomea uuguzi Dar es Salaam, nilijua vizuri sana — mtoto amekaukiwa na maji mwilini, basi. Nikasimama nyuma ya pazia. Sikusema kitu.

Mtoto alipona. Kila mtu anasema chuma kimemponya. Mimi nasema alipona na kovu juu yake. Lakini nasema humu tu.

Ndiyo maana nimenunua daftari.

Dada Shaikha leo ana siku kumi na moja tangu ajifungue. Msichana, Rahila. Kila asubuhi nampitishia kidole utosini, polepole, kabla Bi Kheiria hajatoka chumbani kwake. Bi Kheiria ni mama mkwe wa dada. Nyumba ni yake, na sisi wawili tuliotoka Zanzibar tumo ndani yake kwa heshima. Utosi wa Rahila ni laini, umejaa, unadunda. Nikishaugusa ndipo naweza kunywa chai.

Alhamisi, 22 Oktoba

Shemeji Marhoon karudi na jambo la kuchekesha. Yeye ni mkalimani kwenye kampuni ya mafuta. Mke wa bosi wake, Mwingereza, anataka maboga sita. Si ya kula. Wana sikukuu yao, Halowini, usiku wa tarehe thelathini na moja. Boga linakombwa, linatobolewa macho na meno, mshumaa unawashwa ndani, watoto wanaogopa kidogo kisha wanapewa peremende. Marhoon kamwambia ana shemeji fundi wa mikono.

Nilimuuliza sura ziwe za kutisha kiasi gani.

"Kiasi cha mtoto wa Kizungu," akasema. "Sijui hao wanaogopa nini. Baba zao sijawaona wakiogopa kitu ila jua."

Dada akacheka mpaka akashika tumbo, akaniambia niende, nitoke kidogo, nimekuwa kama jini la nyumbani.

Sura za kuchekacheka sitaki. Ninazo sura zangu. Chuoni tulikuwa na fuvu moja, la kweli, tukilipokezana kama sahani. Nimelichora mara thelathini. Mfupa wa paji, miwili ya juu, wa kisogo. Ile mishono inayokutana kama meno ya msumeno. Nalikumbuka kuliko nyuso za wenzangu niliokaa nao darasani. Niliondoka bila cheti, lakini fuvu niliondoka nalo.

Jumapili, 25 Oktoba

Soko la Matrah asubuhi. Mzee Suud ana shamba Wattaya, huja na punda na chochote kilichoiva. Nikachagua manane: sita makubwa, mawili madogo ya kujaribia mkono.

"Manane? Mwezi haujaandama, nyinyi watu wa Zanzibar mmeshaanza futari."

Nikamwambia si ya futari, ni ya kutiwa macho. Akaniangalia sana.

"Binti, boga langu lina kasoro gani hata litiwe macho?"

Nimekata siku nzima, uani, nyuma ya banda la kuku. Wazungu hufungua boga juu, Marhoon kaniambia. Mimi nimefungua chini, kwa sababu fuvu lililokatwa juu si fuvu. Kisu kidogo cha jikoni, kijiko cha chuma, msumari wa kuchorea mishono. Tundu la pua kama kopa kwenye karata, limegeuzwa. Meno ndiyo yamenitaabisha. Halafu chokaa niliyoikoroga na maziwa kidogo, mipako miwili, na masizi ya sufuria ndani ya matundu ya macho ili yaonekane yana kina. Mikono imenichubuka. Sijafurahi hivi tangu Dar es Salaam.

Kwenye yale mawili madogo mkono wangu umefanya kitu bila ya kuniuliza. Juu, mbele kidogo, umechora uwazi wa pembe nne. Utosi! Fuvu la mtu mzima halina utosi. Nikaona, nikaacha. Nikaingiza kijiko kwa ndani, nikakomba pale mpaka likabaki ganda jembamba kama ngozi. Yakawa mafuvu ya watoto wachanga.

Nyama ya boga nimempelekea Bi Kheiria. Kapika kwa nazi na iliki, kasifu. Maganda hakuuliza.

Jumanne, 27 Oktoba

Maafa. Nimefanya mapema mno. Siku mbili za jua la hapa, na mafuvu yangu yote yamekuwa vizee. Macho yamezama, mashavu yameingia, meno yamejikunja kwa ndani kama ya mtu aliyekula ndimu. Yale madogo ndiyo mabaya zaidi: kwenye utosi kuna shimo, kidole kinaingia.

Nilikaa nikayaangalia. Nikataka kulia, kwa ajili ya maboga!

Halafu nikakumbuka mchicha. Mchicha ukinyauka mama alikuwa akiutia kwenye maji. Boga nalo si mboga? Nikayatumbukiza yote manane kwenye pipa la uani, nikaweka jiwe juu ya kifuniko. Alasiri nikafunua. Yamerudi. Si nusu — yamerudi kabisa, magumu, mashavu yamejaa, chokaa tu imetoka kidogo. Hata zile ngozi nyembamba za utosi zimenyooka. Nikabonyeza, zikanirudishia kidole.

Nimeyaacha humo mpaka kesho ndipo niyapake upya.

Jumatano, 28 Oktoba

Bi Kheiria alikwenda pipani kuchota maji ya udhu wa adhuhuri.

Nilisikia kifuniko kikianguka, kisha Ayatul Kursi kwa sauti ambayo nadhani imefika bandarini. Nikakimbia. Kashika kata juu ya kichwa chake kama panga, na ndani ya pipa yanaelea mafuvu manane, yanamtazama.

"Nasriya! Mabufuru ya watu! Ndani ya maji yangu ya udhu!"

Nikatoa moja, nikalikata kipande mbele yake, nikatafuna. "Boga, Bi Kheiria. Lile lile ulilolila kwa nazi."

Chumbani dada alikuwa anacheka, nilimsikia. Bi Kheiria hakucheka. Alingoja mpaka pumzi imemrudia, akasema kwa utulivu, kwa Kiswahili chake cha Pemba, alikoishi alipokuwa mwari:

"Nyumba hii ina mzazi. Ina mtoto hajatimia mwezi. Mtu akitoka mazikoni hatumwachi aingie chumba kile mpaka aoge. Wewe umeingiza mauti manane kwa mkono wako, ndani ya arobaini. Kwenu hamna arobaini?"

Kwetu ipo. Naijua toka utotoni. Na sikufikiri, hata mara moja, siku nne nzima! Chuo kimenifundisha kutoliogopa fuvu, nikasahau kwamba wengine hawakukaa kwenye lile darasa.

Nimeomba radhi, nimembusu mkono. Pipa limemwagwa, nyumba imefukizwa ubani mpaka kuku wamepiga chafya. Sita makubwa Marhoon kayachukua jioni hii hii kwenye gari la kazini, yakakae majini huko mpaka siku yenyewe. "Dereva kaniuliza kama nimeua ukoo mzima," ameniambia aliporudi.

Mawili madogo nimeyapandisha juu ya paa, chini ya gunia. Nimeambiwa nitoe yote. Sijui kwa nini sikuyatoa.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimekwenda na Marhoon kwenye nyumba za kampuni, karibu na ufuo. Mafuvu yalipangwa kwenye ukuta wa baraza, mishumaa ndani, na ile mishono niliyoichora kwa msumari imewaka kama nyuzi nyekundu. Yule bibi wa Kiingereza alishika kifua. Watoto hawakuogopa hata kidogo. Mmoja kalibusu la mwisho kwenye meno.

Alikuwepo daktari. Mwanamke, Mhindi wa Bombei, nywele za mvi, viatu vya kiume. Amefungua kliniki ya akina mama Matrah mwezi huu huu. Akalichukua fuvu moja, akapitisha ukucha juu ya mshono wa katikati, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyekata hili, maana mshono umekaa mahali pake. Nikasema ni mimi. Akanihoji pale pale, baina ya peremende na biskuti — mfupa huu unaitwaje, utosi unafunga lini, ukivimba ni nini, ukididimia ni nini. Nikajibu yote. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, mtu nimpendaye.

Anataka mtu wa kusema na akina mama kwa lugha zao. Nikamwambia sina cheti. Akasema hajaniuliza cheti.

Kesho huenda tukafunga. Sijamwambia mtu habari ya kliniki. Nimeikunja ndani, nakwenda naichungulia.

Jumanne, 3 Novemba

Ramadhani tatu. Rahila anaharisha.

Alianza jana asubuhi. Maji matupu. Leo mara saba mpaka adhuhuri, kisha nikaacha kuhesabu. Bi Kheiria kasema maziwa ya dada yameingia hofu — hofu ya mabufuru. Hakulisema kwa ukali. Amelisema kama mtu anayesema kuna mvua nje. Kwa hiyo tangu jana jioni mtoto hanyonyeshwi, analambishwa samli. Dada maziwa yanamchuruzika kwenye nguo, na anamtii.

"Mnyonyeshe," nilimwambia. "Mtie maji, yaliyochemka, sukari na chembe ya chumvi. Kijiko kijiko."

"Nasri, nnakuamini." Akafunika uso. "Lakini yeye kazaa tisa. Mimi nimezaa mmoja. Akifa huku nakusikiliza wewe, nitaingia wapi?"

Asubuhi niligusa utosi. Ulikuwa bado juu. Alasiri nimegusa tena, umeshuka kama kisahani cha kikombe.

Marhoon yuko jangwani na wazungu mpaka Ijumaa. Bi Kheiria ameshapeleka habari kwa Bi Masouda. Kesho asubuhi.

Nimepanda juu ya paa kabla ya adhana ya magharibi. Yale mawili yapo. Yamesinyaa vibaya, yote mawili, utosi umezama ndani. Nikayatazama, kisha nikashuka na moja tu, nikalitia kwenye ndoo ya chumbani kwangu.

Jumatano, 4 Novemba

Naandika kwenye benchi. Niandike tokea mwanzo, kwa mpango.

Bi Masouda alifika saa tatu. Mwanamke mrefu, mkavu, vidole kama vya mpiga udi. Akaomba mkaa uwashwe uani, akakaa akingoja ushike. Bi Kheiria alikuwa ndani anamsomea mtoto. Nikaona pazia — lile lile la jirani, ndivyo nilivyoliona, ingawa hapa kwetu hakuna pazia. Nikalipita.

Nikaketi mbele ya Bi Masouda na maboga yangu mawili, moja kavu la paani, moja la ndooni. Nikayaweka kwenye mapaja yake kabla hajauliza.

"Ndiyo haya yaliyomfanya Kheiria amwage pipa zima?" akasema.

"Ndiyo haya, Bi Masouda."

"Nilidhani yana pembe."

Nikamwomba afumbe macho, aguse. Sikupanga kusema hivyo, lilinitoka. Akafumba. Vidole vyake vilikwenda wenyewe mpaka kwenye utosi, moja kwa moja, havikupotea hata kidogo. Alibonyeza lile kavu. Akabonyeza lile la maji. Akarudi kwenye kavu.

"Jana yote mawili yalikuwa kama hili," nilimwambia, "nimeyakata siku moja, kwa kisu kimoja. Hili sikulifanya lolote ila kulitia maji."

"Boga si mtoto."

"Si mtoto. Boga likikosa maji halilii."

Akafumbua macho. Nilidhani nimemuudhi. Nikamwambia yote, upesi upesi, sukari, chumvi, ziwa la mama, daktari wa kike Matrah anayejua. Nikamwambia na hili: kwamba nilikuwa nyuma ya pazia siku ile kwa jirani na nilinyamaza, na kwamba simlaumu yeye, najilaumu mimi.

"Yule alipona," akasema.

"Alipona."

"Si wote." Aligeuza lile boga kavu mkononi. "Wakifika hapa, kwenye kina hiki, hawarudi. Nichome nisichome. Nimejua zamani. Sasa mtu akiniita nimwambie nini? Mimi huitwa nichome, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniita nisichome."

Akaamka, akaenda ndani, akagusa utosi wa Rahila. Nikamfuata. Nilimwona akilinganisha, kwa vidole, na kile alichokigusa mapajani. Bi Kheiria akamuuliza mkaa umeshika?

"Umeshika," Bi Masouda akajibu. "Lakini siku ya Jumatano chuma hakiwekwi mpaka jua lipinduke. Sali adhuhuri kwanza. Usome na wirdi yako yote, usikate."

Sijapata kusikia sharti hilo. Nadhani hata yeye lilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia. Bi Kheiria alimkubalia mara moja, akamwambia kheri, yeye ndiye mwenye kazi, akatoka barazani na tasbihi yake.

Dada alikuwa anamtazama Bi Masouda kwa macho mapana. Bi Masouda akainama kama anayemtengenezea mto, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mnyonyeshe. Kuna binti hapa ana maboga yanasema kweli." Dada akafungua kifungo cha nguo papo hapo. Rahila hakuwa na nguvu ya kuvuta. Nikachemsha maji, nikayapoza kwa kuyamimina bakuli hadi bakuli, nikatia sukari na chembe ya chumvi, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema: isizidi chumvi ya machozi. Kijiko cha kwanza kilimtoka mdomoni. Cha pili nacho. Cha tatu kilimeza chenyewe, yaani alimeza, naandika upuuzi.

Adhana. Bi Kheiria akaingia chumbani kwake, akatandika msala.

Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Shaikha leo ana siku ishirini na saba. Nilimwangalia, yeye akaniangalia. Nikasema, "Mimi nakwenda naye. Wewe kaa, mimi ndiye nilaumiwe." Akavaa buibui juu ya nguo za uzazi, na manjano aliyopakwa bado mwilini, akasema kwa hasira kabisa: "Na maziwa utayatoa wewe?"

Mlango wa nyumba ile ni mzito, unalia kwenye bawaba. Bi Masouda aliuinua kidogo kwa bega ili usilie, akatupitisha. Kisha, badala ya kubaki, akachukua kikapu chake akatoka nasi. Amekaa hapa kliniki sasa, upande wa pili wa dada. Chuma kimo kikapuni, kimefungwa kitambaa. Yale maboga mawili kayatia juu yake. Wanawake kwenye foleni wanachungulia, mmoja kauliza kama yanauzwa.

Tumekuja na landrova ya mtu wa samaki. Tunanuka papa.

Daktari ana mzazi mwingine ndani, tunasikia akimhimiza. Tunangoja. Kila dakika chache kijiko kimoja. Nimefika cha ishirini na mbili, na saba ndivyo vilivyorudi. Sasa hivi dada kashtuka, kajishika paja: buibui limelowa. Si kuhara. Ni mkojo, kidogo, mweusi kama chai — lakini ni mkojo! Tangu jana mchana hakukojoa. Dada analia na kucheka, na Bi Masouda kagusa ule umajimaji kwa kidole kama anayeonja mchuzi, akanitazama.

Utosi bado umeshuka. Siandiki kwamba umepanda, haujapanda.

Karani alikuja na kitabu chake. Mtoto wa nani? Marhoon. Yuko wapi? Jangwani. Mkubwa wa nyumba ni nani, ameruhusu? Dada akamfunika Rahila kwa buibui. Karani akasema bila ya jina la mwenye dhamana hawezi kumwingiza kwa daktari.

Na sasa nasikia sauti mlangoni, nje, inabishana na bawabu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha Pemba pamoja. Amesali haraka kuliko alivyoambiwa. Dada kaniminya mkono. Bi Masouda kajisogeza mbele kwenye benchi, kakaa imara, miguu yote miwili chini. Kitabu cha karani kiko wazi hapa mbele yangu, penye dhamana, na nimekwisha andika: Nasriya bint Harub.